Adabu za Mtazamaji wa Maigizo ya Jukwaani

Mchezo wa jukwaani huchezwa mbele ya watu walio chumba kimoja na waigizaji, na adabu zote za mtazamaji zinatokana na jambo hilo. Mwigizaji wa filamu huwa alikwisha maliza kazi yake miezi mingi kabla ya mtazamaji kukaa kitini. Wa jukwaani anaifanya saa hiyo hiyo, na sikio lake liko ukumbini muda wote. Husikia kicheko kikianzia safu za nyuma, husikia kiti kinavyolia, na baada ya miaka michache ya kazi huweza kutofautisha kimya cha watu waliovutiwa na kimya cha watu waliochoka. Kutokana na anachosikia huamua asubiri kidogo kabla ya kutamka maneno yanayofuata, apaze sauti, au aharakishe. Mtazamaji, apende asipende, anachangia katika kazi hiyo, na onyesho lililofanyiwa mazoezi kwa wiki nyingi linaweza kuharibiwa jioni moja na watu watatu wa safu ya nne.

Wengi hudhani kwamba adabu hizo zote ni kunyamaza. Dhana hiyo haina umri mkubwa hata huko ilikotoka. Katika London ya Shakespeare michezo ya kumbi za wazi ilichezwa mchana, watu wamesimama uani kulizunguka jukwaa, wakila na kujibizana. Hata kumbi za ndani zilipoenea, mishumaa na baadaye taa za gesi ziliwamulika watazamaji pamoja na waigizaji, na wapo waliokwenda kuonana na wenzao kuliko kutazama mchezo. Ukumbi wenye giza ni zao la karne ya 19. Richard Wagner aliwazimia watazamaji taa katika ukumbi wake wa opera wa Bayreuth, Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1876, na miaka mitano baadaye ukumbi wa Savoy wa London ukatiwa taa za umeme kila sehemu. Giza ndilo lililoleta kimya, kwa kuwa mtu asiyemwona jirani yake hubaki na kitu kimoja tu cha kutazama.

Afrika Mashariki ilipokea kanuni hizo pamoja na majengo. Kenya National Theatre ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1952, ukumbi wa taifa wa Kampala mwaka 1959, na Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa na kumbi ndogo za klabu za Wazungu. Hadhira iliyokuja kuzijaza kumbi hizo baada ya uhuru ilikuwa na malezi yake ya kisanaa. Msimulizi akisema "Paukwa!" haendelei mpaka aitikiwe "Pakawa!" Kwenye taarabu, mama anayeinuka kitini na kwenda kwa madaha kumtunza mwimbaji noti, huku akiuimba naye ubeti unaomgusa, ametimiza adabu ya mahali pale kikamilifu. Mwaka 1976, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi ilipochezwa Nairobi, watazamaji waliungana na waigizaji wakaimba na kucheza hadi nje ya ukumbi. Mwaka uliofuata, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wanakijiji walihudhuria mazoezi ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda na kuwasahihisha waigizaji waziwazi: mzee haongei hivyo, kibarua hasimami hivyo. Hadhira hizo zilikuwa na sauti kubwa, na maigizo yale yalikuwa bora kwa sababu ya sauti hiyo.

Kipimo kinachofaa, basi, ni kuangalia sauti au kitendo kinaelekea wapi. Kicheko, mguno, kigelegele na hata jibu kwa mhusika huelekea jukwaani na kuliongezea onyesho nguvu. Simu, mazungumzo ya faragha na mifuko inayochakarika huwavuta watu kutoka jukwaani. Mtazamaji anayejiuliza swali hilo moja atajua la kufanya hata katika ukumbi ambao hajawahi kuuingia.

Atahitaji pia kujua ni onyesho la namna gani. Vikundi vya Tanzania vya miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano na Tanzania One Theatre, vilichanganya ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na igizo katika usiku mmoja, mara nyingi kwenye kumbi za baa. Mtu yule yule aliyeinuka kutunza wakati wa taarabu alitulia igizo lilipoanza, bila kuelekezwa na yeyote. Tofauti ya namna hiyo ipo kwingineko pia. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe wa London, uliojengwa kwa mfano wa ule wa kale na kufunguliwa mwaka 1997. Hapo watazamaji mamia kadhaa husimama uani bila paa, waigizaji wanawaona nyuso zao na wanaweza kuwasemesha. Mtazamaji huyo huyo akivuka mto na kuingia katika ukumbi wa kisasa wenye giza, anatarajiwa abadilike mara moja.

Maigizo ya maendeleo yana kanuni zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kwa utaratibu ambao igizo huzaa mjadala na mjadala huzaa igizo. Katika utaratibu mwingine, ulioanzishwa na Mbrazili Augusto Boal, mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha mchezo, kupanda jukwaani na kuonyesha njia nyingine ambayo mhusika angeifuata. Anayekaa kimya kabisa katika maonyesho haya amekwepa alichoitiwa. Anayepanda naye ana wajibu. Aigize badala ya kuhutubia, aachie nafasi baada ya dakika chache, na asimtaje jirani yeyote kwa jina hata kama kisa kinafanana na cha nyumba anayoijua. Watu wakianza kunong'ona kwamba mume mlevi wa kwenye igizo ni fulani wa mtaa wa pili, mjadala hufa na mahali pake panakuwa na aibu ya familia moja.

Kwa onyesho la kawaida la ukumbini, adabu huanza kabla ya kutoka nyumbani. Tiketi inunuliwe. Waigizaji wengi wa kanda hii hulipwa kutokana na mapato ya mlangoni, na bado ndugu na marafiki zao ndio wa kwanza kuomba waingizwe bure. Rafiki wa kweli wa mwigizaji ndiye anayetangulia kununua, na akiweza, humnunulia na mwenzake. Mavazi hayana sheria kali, ila kilemba kirefu na kofia pana huziba macho ya aliye nyuma, na manukato mazito au udi uliofukizwa kwenye nguo jioni hiyo humsumbua mwenye pumu aliyekaa kando ya mvaaji kwa saa mbili. Mwenye kikohozi kikali anastahili huruma, lakini pia anastahili kubaki nyumbani. Mwenye kikohozi chepesi abebe maji na pipi, na pipi hizo azimenye kabla taa hazijazimwa. Wapo wanaofungua karatasi ya pipi polepole sana wakiamini wanapunguza kelele. Karatasi hiyo hutoa milio midogo kila inapokunjuka, na polepole huirefusha tu. Afadhali ifunguliwe mara moja wakati watu wanacheka.

Suala la muda linahitaji maneno zaidi, maana ndilo donda la kanda yetu. Tangazo likisema mchezo unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, watazamaji wengi huanza safari saa hiyo, kwa hoja kwamba hakuna kinachoanza kwa wakati. Waandaaji nao huchelewesha kwa hoja kwamba watu hawajafika. Anayeumia katika duara hilo ni aliyefika mapema, ambaye amekaa dakika arobaini akitazama pazia na ambaye atakosa daladala au matatu ya kurudi. Njia ya kulikata duara hili ni watazamaji kufika dakika ishirini kabla na waandaaji kuanza hata viti vikiwa nusu tupu. Kumbi zilizothubutu kufanya hivyo kwa msimu mzima hupata hadhira inayowahi, kwa sababu aliyekosa mwanzo mara moja hatapenda kuukosa tena.

Aliyechelewa asubiri mlangoni. Wahudumu wa ukumbi humwingiza panapokuwa na mabadiliko ya sehemu, taa zinapofifia au watu wanapopiga makofi. Akiingia, akae kiti cha karibu kilicho wazi hata kama tiketi yake ni ya mbele, na cha kwake akidai wakati wa mapumziko. Akilazimika kupita mbele ya waliokaa, ainame na apite akiwa amewaelekezea uso. Salamu zingoje. Kupeana mikono na safu nzima, heshima kubwa sebuleni, hapa huwaziba watu kumi wakati mhusika anatoa siri ambayo mchezo wote umejengwa juu yake.

Mgeni rasmi anahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa wahudumu hawathubutu kumwambia. Kiongozi akichelewa, mchezo ukangojeshwa saa nzima, kisha akaingia na msafara wa walinzi na wapiga picha, na mshereheshaji akasimamisha kila kitu ili atambulishwe, waigizaji wanakuwa wamenyang'anywa jioni yao. Waliokuwa wamekalia safu ya mbele huhamishwa, na hotuba hula muda wa sehemu ya pili. Heshima ya mgeni rasmi inalindwa vizuri zaidi kwa kuingia kabla ya watu, kutambulishwa kabla ya pazia kufunguliwa au baada ya waigizaji kuinama, na kukaa mpaka mwisho. Wasaidizi wake ndio wa kulipanga jambo hili na waandaaji mapema, maana jioni yenyewe ikishafika hakuna atakayekuwa na ujasiri.

Simu ndiyo adui mkubwa wa ukumbi wa leo, na wengi huamini wameimaliza kwa kuizima sauti. Simu iliyo kwenye mtetemo, ikiwa juu ya kiti cha plastiki au ndani ya mkoba wenye funguo, husikika safu tatu mbele. Kengele ya kuamshia hulia katika simu nyingi hata sauti ikiwa imezimwa. Waislamu wenye programu ya adhana wakumbuke kwamba huko Dar es Salaam na Nairobi swala ya magharibi huingia karibu na saa ile ile michezo mingi ya jioni inapoanza. Sauti ya adhana katikati ya igizo humfedhehesha mwenyewe kwanza, na inastahili mahali pa heshima kuliko mfuko wa suruali katika giza. Anayetaka kuswali awaulize waandaaji mapema mapumziko yatakuwa saa ngapi, ili aswali kabla hajaingia au ajue pa kupata nafasi. Salama ya kweli ni kuizima simu kabisa.

Mwanga wake ni tatizo jingine. Jicho huchukua dakika nyingi kuzoea giza, na kioo cha simu kinachowashwa kwa sekunde tatu "kuangalia saa tu" hulivuruga jicho la kila aliye nyuma ya mwenye simu. Kutoka jukwaani hali ni mbaya zaidi: mwigizaji anaona giza tupu, na ndani yake uso mmoja umemulikwa kutoka chini, umeinama, haumtazami. Saa za mkononi zinazowaka kila mkono unapoinuliwa hufanya vivyo hivyo, na zina kitufe cha kuzizuia. Waigizaji wamejaribu kila njia. Mwaka 2005 Richard Griffiths alisimamisha mchezo wa Heroes jijini London baada ya simu ya mtazamaji mmoja kulia mara kadhaa, akamwomba atoke. Mwaka 2015 Patti LuPone, mjini New York, alimpokonya simu mtazamaji aliyekuwa akiandika ujumbe, akaondoka nayo jukwaani bila kuvunja mchezo. Hakuna mwigizaji anayefurahia kufanya hivyo, kwa sababu inamlazimu amwache mhusika wake kwa muda, na kumrudia si kazi rahisi.

Kurekodi ni kosa la namna nyingine. Anayerusha kipande cha mchezo mtandaoni mara nyingi hudhani anautangaza. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zinamtambua mwigizaji kuwa na haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake. Zaidi ya sheria kuna hasara ya wazi: kichekesho kilichotungwa kwa miezi kikishaonwa na mtaa mzima kwenye simu, aliyepanga kuja Jumamosi ana sababu ya kubaki nyumbani. Mwanga wa kupigia picha pia unaweza kumpofusha kwa muda mwigizaji anayeshuka ngazi au anayerusha panga la mbao. Waandaaji wengi huruhusu picha mwishoni, waigizaji wanapoinama. Hapo ndipo pa kupiga, na picha ya wakati huo huwa na kila mtu, wakitabasamu.

Daktari wa zamu, au mzazi aliyemwacha mtoto mgonjwa nyumbani, ana sababu ya kuwa na simu. Aombe kiti cha pembeni ya njia karibu na mlango, na kama ukumbi una wahudumu, amwachie mmoja wao simu na namba ya kiti.

Maongezi wakati wa mchezo yana sura nyingi, na nyingine zinatokana na nia njema. Wapo wanaowatafsiria wazazi wao mchezo wa lugha wasiyoijua. Hao wafanye kazi hiyo njiani: wasimulie kisa chote kabla ya kufika, na mzee atafuata kwa macho. Wapo wanaotabiri ("sasa huyu atamgeuka"), na utabiri huo, uwe sahihi au la, humnyima jirani raha ya kushtuka mwenyewe. Wapo wanaomjibu mhusika. Hili la mwisho ndilo gumu kuliamulia. Mwigizaji anayekuja ukingoni mwa jukwaa, akawatazama watu machoni na kunyamaza, anangoja jibu. Apewe, fupi, kisha arudishiwe zamu. Mwigizaji anayejisemesha huku macho yake yakiwa juu au pembeni anaonyesha mawazo ya mhusika, na kelele ya "mwambie ukweli!" kutoka nyuma itamkata pumzi. Katika vichekesho vya Nairobi na Kampala, ambako watu huja wakijua watachokozwa, mpaka huo uko mbali zaidi. Katika mchezo wa msiba uko karibu sana.

Kicheko chenyewe kina adabu. Katika kichekesho ni malipo, na anayekibana kwa kuogopa kuonekana mshamba anawanyima waigizaji haki yao. Waigizaji hungoja kicheko kipande, kifike juu, na kianze kushuka ndipo waendelee. Anayeendelea kupiga kelele baada ya hapo, ili asikike yeye, huwafanya watu wapoteze sentensi inayofuata, ambayo mara nyingi ndiyo iliyokuwa ya kuchekesha zaidi. Tatizo kubwa ni kicheko kinachotoka mahali pa maumivu. Mume anampiga mke jukwaani, na kutoka gizani zinasikika sauti za "mpige!" na miluzi. Binti anasimulia alivyobakwa, na watu wanacheka. Baadhi ya vicheko hivyo ni vya woga: mwili haukujua la kufanya. Lakini katika ukumbi wa watu mia mbili, mtu aliyepitia jambo hilo karibu kwa hakika yumo mahali fulani, na kelele hiyo inamfikia. Anayehisi kicheko cha namna hiyo kinamjia afunike mdomo, ainamishe kichwa, avute pumzi. Aliye na rafiki anayepiga kelele amguse bega. Inatosha.

Shida hii huonekana zaidi kwenye maonyesho ya shuleni. Nchini Kenya vikundi vya waigizaji huzunguka shule za sekondari na tamthilia teule za Kiswahili, kama ilivyokuwa kwa Kigogo ya Pauline Kea na baadaye Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Huchezwa mchana, katika bwalo lenye madirisha wazi, mbele ya mamia ya wanafunzi walioketi kwa kubanana. Wanafunzi hao wanakijua kitabu kuliko hadhira yoyote ya ukumbi wa taifa, na wapo wanaotamka maneno ya mhusika kabla mwigizaji hajayatamka. Hilo lichukuliwe kuwa dalili ya mapenzi, na mwigizaji hodari hulitumia, ila likiwa la darasa zima kwa saa nzima mchezo hugeuka kuwa kukariri. Mwalimu afanye maandalizi siku moja kabla. Awaeleze wanafunzi kwamba mwigizaji mmoja anaweza kucheza nafasi tatu kwa kubadili kitenge na sauti, ili wasiangue kicheko kila anaporudi. Awape jambo la kutazama ambalo kitabu hakiwezi kuonyesha: nani anasimama mbali na nani, mhusika anafanya nini wakati wengine wanaongea. Siku yenyewe, walimu wakae kwenye ncha za safu, miongoni mwa wanafunzi. Mwalimu anayesimama mbele na fimbo akifoka "nyamazeni!" hupiga kelele kuliko wote aliotaka kuwanyamazisha, na wanafunzi wanaanza kumtazama yeye.

Watoto wadogo waletwe kwenye michezo waliyoandaliwa, na mzazi akae pembeni ya njia. Mtoto akilia atolewe nje mara moja, atulizwe, arudishwe. Watu husamehe kilio cha dakika moja, na hawasamehi mzazi anayejaribu kumbembeleza papo hapo kwa dakika tano. Hali ni nyingine kwa mtu mwenye ulemavu au maradhi yanayomfanya atoe sauti au atikisike bila kukusudia. Yeye hana kosa, na wajibu wa walio karibu ni kumzoea, jambo ambalo huwezekana ndani ya dakika chache kwa asiyegeuka kumkodolea macho. Njia ya kiti cha magurudumu isiwekwe mikoba.

Chakula hutegemea ukumbi. Palipo na meza na vinywaji, watu wale. Penye safu za viti, bisi, karanga na chupa za soda zibaki nje hadi mapumziko. Chupa tupu inayobingirika kwenye sakafu yenye mteremko husikika mpaka ifike jukwaani.

Anayesumbuliwa na jirani ana kazi ngumu kidogo, kwa kuwa kumkemea mtu kwa sauti huongeza kelele, na kumkemea mkubwa ni utovu mwingine. Kwanza angoje kidogo. Makosa mengi hujimaliza. Kisha aongee kwa sauti ya chini na sentensi moja, akitaja kinachomsumbua bila kumhukumu mtu: "Samahani dada, mwanga wa simu unanifikia." Kwa mzee, "Shikamoo baba, samahani, hatusikii vizuri huku nyuma." Anayeambiwa hivyo ajibu "samahani" na aache, kujitetea ni mazungumzo mapya. Ikishindikana, aliyesumbuliwa amwite mhudumu wakati wa mapumziko, na ukumbi usio na mhudumu wa kuitwa umekosa jambo la msingi.

Makofi huja taa zinapozimika mwishoni mwa sehemu, au baada ya wimbo kumalizika. Anayepiga makofi wimbo ukiwa unaendelea hufunika maneno, ingawa kigelegele kifupi mwigizaji anayependwa anapoingia hakijawahi kumwumiza mtu. Kumtunza fedha mwigizaji aliye katikati ya igizo, kwa desturi ya taarabu, humtoa katika nafasi yake. Noti hiyo ingoje hadi mwisho, na itapokewa kwa furaha. Mchezo ukiisha kwa simanzi, sekunde chache za kimya kabla ya makofi ni zawadi ambayo waigizaji huikumbuka. Kusimama kupiga makofi kuachwe kwa onyesho lililomgusa mtu kweli. Akibaki amekaa huku akipiga makofi kwa moyo, hajamtusi yeyote.

Kukimbilia mlangoni waigizaji wakiwa bado wanainama huumiza, na kila mwigizaji huwaona wanaoondoka. Mwenye kuwahi gari la mwisho aombe tangu mwanzo kiti cha pembeni na atoke kimya taa zikizimwa, kabla ya waigizaji kurudi jukwaani. Aliyechoshwa na mchezo aondoke wakati wa mapumziko. Hakuna anayemdai maelezo.

Baada ya onyesho, kwenda kuwapongeza waigizaji nje ya ukumbi ni jambo jema, likifanywa kwa ufupi. Wanahitaji kufuta rangi usoni, kula, na mara nyingi kubeba wenyewe mapambo ya jukwaa hadi kwenye gari. Anayekumbuka tendo moja mahususi, jinsi alivyoikunja barua ile, jinsi alivyochelewa kugeuka, amempa mwigizaji kitu cha kufanyia kazi kesho. Ushauri wa kumrekebisha ungoje mpaka auombe. Aliyecheza mtu mwovu asisalimiwe kwa jina la uovu wake mbele ya wanawe.

Kinachobaki ni kusimulia. Mchezo wa The Mousetrap wa Agatha Christie umekuwa ukichezwa London tangu mwaka 1952, na mwishoni mwa onyesho watazamaji huombwa wasimtaje muuaji. Anayesimulia mchezo kwa jirani au kwenye mtandao ataje jina la kikundi na la mwandishi kwa usahihi, bei ya tiketi, siku zilizobaki na saa halisi ya kuanza. Aseme lililompendeza na lililomkera, na kisa akikate pale kilipokatwa na mapumziko.